Msiifue Hiyo Khanga

Chimwaga, Dodoma
Jumapili, 18 Agosti 2024

Wifi Debora,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yangu pia, mwambie nilifika salama, ingawa njia sikuiona. Nililia kutoka hapo Gulwe mpaka Mbande. Pale mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanipa kipande cha muhogo, akasema, "Kula, binti, msiba hauzikwi na njaa." Sikumwambia kwamba hakuna aliyekufa.

Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba nia ya barua hii ni kukujulia hali. Hali yako naijua, wewe ndiye unaye mwanangu. Mimi ndiye nisiyejua kitu. Tumsifu aliamka akiwaje? Alitazama mlango upi? Nilifanya kama Mama alivyoniagiza: nilimwacha usingizini, nikatokea upande wa jikoni, sikuaga. Mama anasema mtoto wa kuachishwa ziwa haagwi, ukimuaga unamfungia kilio shingoni. Nimemtii. Lakini tangu siku hiyo najiona kama mwizi aliyetoka nyumbani kwa watu, na kilichoibiwa ni changu mwenyewe.

Kifua kimejaa kama mawe. Jana mteja alikuja mgahawani na mtoto mchanga, mtoto akalia, gauni langu likalowa hapo hapo. Nikajificha nyuma ya masufuria mpaka Dada Joha, mwenye mgahawa, akaja kunifunga kitambaa. Akasema, "Mwili hauna adabu, mdogo wangu, hauelewi kwamba umeshaamua."

Yale ya simu nimekubali, sitapiga tena. Uliponisimulia kwamba nilipopiga kutoka stendi ya Mpwapwa alisikia sauti yangu, akaigeuza simu kunitafuta mgongoni mwake, kisha akaenda nyuma ya mlango, kisha akakataa uji siku nzima, nilijua siwezi kumfanyia hivyo tena. Basi tuandikiane. Damas, kondakta wa basi la Mpwapwa, amekubali kuwa posta yetu.

Jambo moja nakuomba kwa magoti. Ile khanga niliyoiacha kitandani nimeilalia wiki nzima makusudi. Ina jasho langu na maziwa yangu. Alale nayo. Msiifue. Hapa nimevaa nyingine, nitamtuma Damas ailete, nanyi mnirudishie ya kwanza ikishaisha harufu. Tutazibadilisha hivyo hivyo mpaka Novemba nitakapomaliza mtihani na kuja kumchukua.

Na sasa shida ya pili, Mwalimu. Nina D tatu za kidato cha nne, chuo cha maendeleo ya jamii kinataka ya nne, na Kiingereza ndicho kilichoniangusha. Mwalimu Meshack wa hapa tunaporisiti mtihani ametufundisha kitu anachokiita inversion, yaani kitenzi kumtangulia mtenda, na si swali. Nimetoka darasani kama nilivyoingia. Kwa nini kitendo kitangulie kabla mwenye kukitenda hajatajwa? Nieleze kwa lugha ya jikoni, tafadhali.

Mbusu miguu.

Penina

*

Gulwe
Jumanne, 27 Agosti 2024

Mke wa kaka yangu,

Marahaba. Barua yako imefika ndani ya kofia ya Damas, inanuka kichwa chake. Siku nyingine mwambie aiweke mfukoni, la sivyo nitakuwa nasoma huku nimeziba pua.

Mtoto hajambo. Anakunywa uji wa uwele na maziwa ya mbuzi mpaka kikombe anakivaa usoni kama barakoa. Treni ikipiga honi anaacha kila kitu, ananyoosha kidole, anasema, "Huyo!" Mbuzi akipita, "Huyo!" Mchungaji alipokuja kutuombea, naye, "Huyo!" Mama alicheka mpaka sala ikakatika.

Haya, somo. Sikiliza kama mke aliyefundwa, kama kweli kwenu walikufunda.

Baba mkwe akitokea mlangoni, nani anainuka kwanza? Si Lameck. Ni wewe. Unampokea fimbo, unampa kigoda, mumeo anafuata nyuma yako. Sasa maneno kama "never", "rarely", "hardly", "not only" ndio baba mkwe. Ni mazito. Yakikaa katikati ya sentensi hakuna anayehangaika: "I have never slept." Mzee amejipitia kimya kimya na kujikalia. Lakini yakisimama mlangoni, yaani mwanzo kabisa, lazima kitenzi kisaidizi kiinuke kuyapokea, na mtenda afuate: "Never have I slept." Umeona "have" ilivyoruka? Na kama sentensi haina kisaidizi, unaazima kwa jirani, "do" au "does" au "did", kama tunavyoazima viti msiba ukitokea.

Wala si swali, kwa hiyo usiweke alama ya kuuliza. Ni heshima tu kwa neno zito lililoingia.

Tunga sentensi zako mwenyewe, unitumie. Usinakili za kitabuni, nazijua zote. Kalamu nyekundu imeshanolewa.

Kuhusu kuja kutuona Jumapili moja, Mama anasema hapana. Akikuona sasa atalirudia ziwa, na maziwa yaliyolala kifuani yatamharisha. Vumilia. Wewe si wa kwanza, hata sisi tuliachishwa hivi.

Wifi yako,
Debora

*

Chimwaga
Jumapili, 8 Septemba 2024

Wifi,

Shikamoo. Asante kwa baba mkwe, sasa ameingia kichwani na hatoki. Hata nikikanda unga naona maneno yanainuka na kukaa. Yuko mwanafunzi mmoja wa sheria, Abbasi, mtundu huyo, alinisikia nikijisomea. Sasa kila asubuhi anasimama mbele ya watu na kutangaza, "Never have I eaten such a hard chapati!" Wenzake wanaangua kicheko. Mimi namjibu, "Rarely do you pay, Abbasi," yaani chapati anazisema, kulipa ni kwa nadra. Dada Joha haelewi neno hata moja, lakini anacheka kuliko wote.

Hizi hapa sentensi zangu.

Never have I slept without him.
Rarely do I finish my food.
Not only does he drink porridge, but he also talks.
Only after he slept did I left.

Ya mwisho, kwamba niliondoka alipokwisha kulala tu, imenichukua muda kuiandika. Ni ile asubuhi.

Nimempa Damas khanga ya pili. Nimeilalia tangu barua ya kwanza, Dada Joha amelalamika kwamba nanuka kama zizi. Kwa furaha kabisa nikamjibu, "Ndivyo ninavyotaka." Mrudishie Damas ile ya kwanza.

Lakini wifi, nimesoma barua yako mara nyingi. Umenijibu habari za uji, za treni, hata za mchungaji. Swali langu hukulijibu. Ananiulizia? Akisema "Huyo!" kwa treni na mbuzi, usiku anapotaka kunyonya anasemaje? Mama anamfanya nini? Usinifiche kwa sababu nasoma. Nikifichwa ndiyo sisomi kabisa.

Penina

*

Gulwe
Jumanne, 17 Septemba 2024

Wifi,

Marahaba. Nina madaftari ya darasa zima mezani, nisamehe ufupi.

Sentensi tatu safi. Ya nne hapana. "Did" imeshabeba mzigo wote wa wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinachofuata kinatembea mikono mitupu. "Did I leave", si "did I left". Wanafunzi wote wa nchi hii wanaanguka hapo, usijisikie vibaya. Sasa jaribu na "hardly". Hardly had the train left when the rain began. Treni ilikuwa haijatoka vizuri mvua ikaanza. Huko kwenu mvua ni hadithi, lakini mtihani hauna habari na mvua.

Mtoto mdogo haulizi, wifi, anacheza. Jana tulikwenda naye kuchota maji kwenye mchanga wa mto, akachimba kisima chake, akatia jiwe ndani, akasema ni samaki. Mashavu yamejaa. Ukimwona utasema si yeye.

Khanga ya kwanza ndiyo hiyo Damas anayo. Soma.

Debora

*

Chimwaga
Jumapili, 22 Septemba 2024

Debora,

Khanga imefika. Inanuka sabuni.

Mimi naosha vyombo vya mgahawa tangu alfajiri, sabuni ya mche naijua kama ninavyojua jina langu. Na si sabuni ya juzi. Rangi imepauka kwenye pindo, imeanikwa juani mara nyingi. Hiyo khanga haikufuliwa mara moja, na haikufuliwa ilipokuwa tayari kurudi. Ilifuliwa mapema.

Nilikuomba kwa magoti. Sikukuomba chakula cha mtoto, wala nguo. Niliomba kitu kimoja ambacho hakimgharimu mtu hata maji ya kunywa: msiifue. Mngeacha tu. Kazi ya kutokufanya kitu imewashinda?

Nimeinusa yote, kona kwa kona, nikitafuta hata harufu yake yeye, mate yake, uji wake. Hamna. Mmeninyima na ya kwake.

Sentensi za "hardly" sijatunga. Nitatunga ukinieleza.

Penina

*

Gulwe
Jumanne, 1 Oktoba 2024

Penina,

Una haki ya kuniita Debora mkavu bila wifi. Ngoja nikueleze, kisha uniite unavyotaka.

Siku ile ulipoondoka aliamka, akaichukua khanga, akaingiza uso ndani yake. Akanyamaza kidogo, sisi tukashukuru. Kisha akaifunua, akatazama chini yake. Akaifunika, akanusa, akaifunua tena. Alikuwa anakutafuta, Penina. Harufu ilimwambia upo, na kila alipofunua hukuwepo. Aliendelea hivyo mpaka akatapika. Siku ya pili vivyo hivyo. Alianza kuipiga hiyo khanga kwa mikono, anailaumu. Siku ya tatu, kabla barua yako haijafika, Mama aliichukua akaenda nayo kisimani na mche wa sabuni. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mtoto. Siku hiyo Tumsifu alilala.

Mama hakukuonea. Alimwonea mtoto huruma. Na mimi nikakuonea huruma wewe, nikanyamaza ili usome. Huruma mbili zimekutana zikazaa uongo.

Ile ya pili hatukumpa. Nimeifungia kwenye sanduku langu la bati, haijaguswa na maji.

Unauliza kama anakuulizia. Alikuulizia. Sasa haulizi.

Nimekuandikia kweli, kwa hiyo na wewe nifanyie jambo: tunga za "hardly". Usiache hayo machozi yote yawe ya bure.

Debora

*

Chimwaga
Jumapili, 17 Novemba 2024

Wifi Debora,

Shikamoo. Nilikaa kimya muda mrefu, nisamehe. Kwanza nilikuwa na hasira, kisha nikawa na aibu ya hasira, maana nilipojiweka mahali pa Mama nikaona hata mimi ningeifua. Kisha ukaja mtihani.

Kiingereza tumemaliza. Baba mkwe alikuwepo! Walitupa sentensi za kuandika upya, tuanze na neno walilotupa. Ya "never" niliiandika kabla hata sijamaliza kuisoma. Ya "hardly" pia, treni yako na mvua yako vilinisaidia. Moja niliiacha wazi. Walitaka tugeuze "If I had known, I would have stayed", ianze na "Had". Ningejua, ningebaki. Jibu nilikuwa nalo, Mwalimu Meshack alitukaririsha mpaka likawa wimbo. Nilishika kalamu, nikaitazama ile sentensi, mkono ukakataa. Nikaenda swali linalofuata.

Sasa yamekwisha. Jumamosi nakuja kumchukua mwanangu. Nimemtafutia viatu vyekundu na kigodoro cha kulaza pembeni ya changu. Dada Joha amesema atacheza pale uani kwa nyuma, mbali na majiko, na Abbasi ameshajitangaza kuwa mjomba. Mwambie Mama namshukuru sana kwa kunilelea, namletea sukari na vitenge viwili.

Mfungie kamkoba kake. Nimekumbuka hata uzito wake, wifi, mkono wa kushoto umeanza kukaa kama umembeba.

Penina

*

Gulwe
Jumanne, 19 Novemba 2024

Wifi yangu,

Marahaba. Ukija, karibu. Ila mkoba wake sitaufunga.

Nimechana karatasi kadhaa kabla ya hii. Lameck alipopita hapa mwezi wa saba, akielekea huko machimboni Chunya, walizungumza na Mama. Walikubaliana Tumsifu abaki mpaka afikie umri wa kuanza shule. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua mlenda. Sikutia neno. Kuachisha ziwa kulikuwa mlango tu wa kumwingizia.

Mama anasema nyumba hii kila mtoto wa kwanza amekulia kwa bibi yake. Lameck alilelewa hivyo, ndiyo maana haoni ubaya. Nilijaribu kumpigia mwezi uliopita. Nikamwambia, "Kaka, mwenye mtoto hajui." Akanijibu, "Debora, akifaulu ataenda chuo, chuo hakilei watoto. Akifeli atabaki mgahawani, mgahawa haulei watoto. Sasa mimi nimekosea wapi?" Nikawa kama mwanafunzi wangu ninapomsimamisha mbele ya ubao.

Wakati nakufundisha kuinuka mbele ya maneno mazito, hili zito nilikuwa nimelikalia mimi.

Njoo umwone. Lakini njoo umejiandaa. Na Mama asijue kwamba ni mimi niliyekwambia, nitakuwa sina pa kuishi.

Debora

*

Chimwaga
Jumapili, 1 Desemba 2024

Wifi,

Shikamoo. Uliona kila kitu kwa macho yako, lakini uliona ukiwa umesimama jikoni. Acha nikwambie jinsi kilivyoonekana kutoka kwenye kigoda.

Nilipoingia alikuwa anacheza na magunzi. Nikasema, "Tumsifu." Akanitazama kama anavyomtazama mchungaji. Sikumkimbilia, nilijizuia. Mama akamwambia, "Msalimie." Akaja, wifi, akaweka mikono miwili kichwani vizuri kabisa kama mlivyomfundisha, akasema, "Chikamoo, mgeni." Kisha, bila kuambiwa na mtu, akakimbia ndani, akarudi anaburuta kigoda kinachomzidi urefu. Akanipa. Akasimama pembeni kusubiri nikae.

Nikasema, "Marahaba." Ningesema nini kingine? Nikakaa.

Mama alifurahi sana. Alisema, "Unaona adabu?" Nikamwambia, "Naona, Mama, asante kwa malezi." Na kweli nilimaanisha. Mtoto ni safi, ana afya, ana adabu. Ningemkuta mchafu ningepata pa kushika. Ningemkuta amekonda ningembeba mbele ya wote na hakuna ambaye angenizuia. Nimemkuta vizuri, nikakosa hata ugomvi.

Alipojikwaa kwenye kamba ya mbuzi akaita "Mama!" mimi niliinuka. Nilikuwa nimeshafika katikati ya ua nilipoona mikono yake imeelekea kwa bibi yake. Nikajifanya nafuata maji.

Usiku nilimwambia Mama ninataka kuondoka naye. Nilisema kwa heshima lakini nilisema. Akaniuliza mambo matatu tu. Nani atamshika nikiwa nakaanga? Nani atamshika nikiwa darasani? Nani atamshika akiugua na mimi nina zamu? Nilijibu, "Dada Joha," nikajibu, "Abbasi." Nilipojisikia nikimtaja Abbasi nikainuka mwenyewe, nikaenda kulala. Sikukutaja wewe wala barua yako.

Asubuhi akaniagiza nitokee upande wa jikoni, mtoto akiwa bado amelala. Nikatokea. Mara ya pili nimemtoroka mwanangu, na safari hii hata hakukuwa na ziwa la kuachisha.

Viatu vyekundu vinambana. Wape wa jirani.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mjukuu ameshabaki huko. Majuto nimerudi nayo.

Penina

*

Gulwe
Jumapili, 26 Januari 2025

Wifi Penina,

Hongera! Hongera sana! Mwalimu mkuu alifungua matokeo kwenye simu yake ofisini, nikampokonya. Kiingereza, D. Nilipiga vigelegele mpaka darasa la tatu wakatoka nje wakidhani kengele imelia.

Nilimwambia Mama, akamkamata jogoo hapo hapo. Tumsifu alimfukuza jogoo pamoja naye, akacheza, hakujua kinachosherehekewa. Mama alimbeba akamwambia, "Mama yako amefaulu, sasa anakwenda chuo." Nimekuandikia alivyosema. Alisema "mama yako". Sikuongeza.

Chuo kinafungua lini? Utapita kutuona kabla ya safari?

Mwalimu wako mwenye fahari,
Debora

*

Mpwapwa stendi
Jumatatu, 17 Februari 2025

Wifi Debora,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye benchi, basi la Dodoma bado linajaza abiria, Damas ameniazima kalamu. Kesho naanza safari ya chuoni, Kanda ya Ziwa. Pale kwako sikupata nafasi ya kusema na wewe, na nina mambo mawili.

La kwanza. Kuna asubuhi, kabla ya matokeo, niliomba nifeli. Niliomba kweli, kwa kupiga magoti, halafu nikamwomba Mungu anisamehe kwa kuharibu vigelegele vyako. Nilifikiri nikifeli nitarudi kumchukua. Kisha nikakumbuka maneno ya Lameck uliyoniandikia, nikaona hata kufeli kusingenipa mtoto. Kungenipa vyombo tu. Basi nakwenda. Siendi kwa furaha, wala siendi kwa hasira. Nakwenda kwa sababu miguu haina pengine.

La pili. Wewe uliwahi shuleni, hukuona leo asubuhi. Mama aliniambia kama kawaida, "Pitia jikoni, mtoto yuko kwenye magunzi yake, hatakuona." Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Leo nitapita mlangoni."

"Utamliza."

"Acha alie, Mama."

Akanitazama sana. Nikadhani atanifukuza. Akanipisha.

Nikaenda, nikachuchumaa mbele yake. Nikasema, "Tumsifu, mimi naondoka. Nakwenda shule mbali. Nitarudi mvua zikiisha, nitakusalimia, kisha nitaondoka tena, na kila nikiondoka nitakuaga." Akanipa gunzi moja. Akasema, "Bai, mgeni." Nikalifunga gunzi kwenye pindo la nguo, nikambusu miguu, nikatoka kupitia mlango wa mbele kama mtu mwenye nyumba.

Nilikuwa nimefika kwenye reli ndipo akaelewa. Nilimsikia. Niligeuka nikaona Mama amembeba kiunoni, amekuja naye mpaka nje ya uzio, na yeye anajinyonga mikononi mwake, anaita, "Mama! Mama!"

Mama alikuwa amembeba, wifi. Mtu hamwiti aliyembeba.

Au labda alikuwa anamwambia yeye amshushe. Sijui. Sikurudi kuuliza. Kama ningerudi nisingeondoka, na kama nisingeondoka nani angemshika nikiwa nakaanga? Nilitembea na kile kilio mpaka kikaisha masikioni, na sikikatai. Ni changu. Mara ya kwanza alilia nikiwa sipo, leo amelia mbele yangu.

Mwambie Mama simlaumu. Mwambie pia hivi nilivyofanya leo ndivyo nitakavyofanya kila nikija, asijaribu tena kunipitisha jikoni. Kwa heshima zote.

Na ile khanga iliyoko kwenye sanduku lako, itoe leo. Mpe alale nayo. Msiifue. Akiifunua kutazama chini yake, mwacheni atazame.

Damas anapiga kofi kwenye bodi la basi. Kwaheri.

Mama Tumsifu